Kiti cha Mfalme wa Nyota na Chai ya Mama

Mwaka ule ndugu za baba walipopanga kuchukua chai ya mama yangu, bwana yangu alikuwa na shughuli ya kumzika mfalme ambaye hajawahi kuzaliwa.

Sitanii. Alikuwa na kitabu. Kitabu chenyewe aliachiwa na mzungu mmoja wa kujitolea, aliyefundisha naye fizikia miaka miwili kisha akarudi kwao. Watu wengine wakiachwa na wazungu huachiwa baiskeli. Sisi tuliachiwa buti moja lisilo na mwenzake, chandarua, huku kwetu ambako mbu akifika anakufa kwa baridi, na sanduku la karatasi ngumu lenye kitabu kinene na dadu za ajabu, nyingine pande nane, nyingine pande ishirini. Moja ilipotea, bwana yangu akachonga nyingine kwa kisiki cha mchai. Kwa kazi hiyo alipata nafasi. Mlango wa choo ulikuwa unaning'inia kwa bawaba moja tangu Pasaka.

Ni mchezo wa kujifanya. Watu wazima wanakaa mezani, kila mmoja anatangaza yeye ni nani, jemadari au tajiri wa sayari fulani, anasema anachofanya, kisha anarusha dadu kuona kama amefaulu. Mmoja anashika kitabu na kuamua mambo yote ya dunia hiyo. Huyo ndiye alikuwa bwana yangu. Nyumbani hakuwahi kuamua hata siku ya kuosha ng'ombe dawa ya kupe, lakini nyota elfu moja zilikuwa mkononi mwake.

Walikuwa watatu, na walikutana kwangu kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Nasema kwangu kwa sababu chai ilikuwa yangu, maziwa yalikuwa yangu, na viti nilivipangusa mimi. Wa pili alikuwa karani wa kituo cha kupimia majani, mtu wa kalamu mbili mfukoni, ambaye asubuhi alikuwa amenirudishia nusu kikapu kwa sababu eti nimechuma majani yenye vijiti virefu. Wa tatu alikuwa mwenye duka pale Sosiot. Baba yake alikuja kutoka upande wa Nyeri zamani, na yeye alizaliwa papa hapa, akaongea lugha yetu vizuri kuliko watoto wetu wanaosoma bweni.

Basi Mfalme wa Nyota Elfu akafa. Kitabu kilisema hivyo mahali fulani katikati, kwamba amekufa na kiti kiko wazi. Hakikusema nani akikalie. Kulikuwa na watu watatu waliokitaka: binti wa Mfalme, ndugu wa Mfalme, na jemadari wa majeshi. Mezani walikuwa vizibo vya soda. Binti alikuwa kizibo cha soda ya machungwa, Ndugu kizibo cheusi, na Jemadari alikuwa kizibo cha bia alichokuja nacho karani, ndani ya nyumba ya watu waliookoka, na bwana yangu akaona ni sawa kwa sababu ni cha kijeshi.

Miezi minne. Miezi minne wanaume watatu wenye akili timamu walibishana nani atarithi.

Karani alimtaka Jemadari. Hoja yake ilikuwa kwamba Jemadari ana meli nyingi za angani. Mwenye duka alimtaka Binti. Usifikiri aliwapenda wasichana sana, ni kwamba sayari ya Binti ndiyo ililima chakula cha nyota zote, na yeye kwenye mchezo alikuwa amejifanya msafirishaji wa chakula. Bwana yangu alisema hana upande, yeye ni mwamuzi, halafu kila akifungua mdomo alikuwa upande wa Ndugu.

Siku moja mwenye duka akaja na karatasi. Mtoto wa shangazi yake huko Nairobi alikuwa amezipata kwa rafiki, kurasa sita za fotokopi, zimetoka kitabu cha pili cha mchezo huohuo. Humo iliandikwa kwamba Mfalme, kabla ya kufa, alimwapisha Binti kwa siri juu ya mwezi fulani.

"Imekwisha," mwenye duka akasema. "Binti ameapishwa. Leteni soda."

Karani akazichukua karatasi, akazigeuza, akazitazama kwa nyuma.

"Hii haina muhuri."

"Muhuri wa nini?"

"Mimi siwezi kupokea kitu hakina muhuri. Nani amesaini hapa? Hata jina la ofisi hakuna."

"Ngai! Kwani hicho kitabu cha mwalimu kimesainiwa na nani? Na malaika?"

"Hicho ni orijino. Hii ni fotokopi. Mtu anaweza kuleta fotokopi hata ya kichwa cha ng'ombe."

Ilikuwa hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi. Je, kitabu cha pili kina nguvu juu ya cha kwanza? Je, kiapo cha mwezini kinahesabika ikiwa hakuna mzee aliyeshuhudia? Mfalme alikuwa na wake wangapi? Hili la wake lilichukua siku nzima, maana kitabu hakikutaja hata mmoja, na bwana yangu akaamua walikuwa wawili, kwa sababu mtu mwenye nyota elfu hawezi kulala kwa bibi mmoja. Kisha wakaanza kubishana Binti ni wa nyumba kubwa au nyumba ndogo.

Na kila sauti zilipopanda karani aliinuka kufunga dirisha. Enzi hizo swali la mzee wa Ikulu akiondoka nani atakalia kiti lilikuwa la kunong'onwa, na chifu alikuwa na masikio kila mahali. Karani aliogopa mpita njia asisikie "mzee amekufa, tugawane nchi" akakimbia kupiga ripoti. Kwa hiyo nyumba ilijaa moshi wa sigara yake na mimi nikakohoa na mtoto akakohoa, ili siri za angani zisitoke.

Sasa niseme ya kwetu.

Baba yangu alikufa mwaka mmoja kabla ya huyo mfalme. Mama akabaki Kimulot, karibu na msitu, na chai ile aliyoipanda yeye na baba kwa mikono yao, na sisi wasichana watatu, wote tumeolewa, mimi wa mwisho. Mvulana hakuna. Walizaliwa wawili, hawakukaa. Baba mkubwa, kaka yake baba, alingoja matanga yaishe na mvua moja ipite, kisha akaanza kuja kutembea. Alikuja kutembea akitazama mistari ya chai. Mwishowe akasema wazi: nyumba haina mtu, kijana wake wa tatu atakuja "kumsaidia mama," na namba ya majani kule kituoni, ile inayolipwa pesa za chai, ihamishwe iwe ya kijana. Mama atapewa pa kulala mpaka Mungu amchukue. Siku ikapangwa ya ukoo kukaa na kulimaliza jambo. Jumamosi.

Nikamwambia bwana yangu. Najua mkwe hana sauti kubwa katika mambo ya ukoo wa mke, lakini mwalimu akisimama watu huacha kutafuna. Nilitaka asimame aseme kitu kimoja tu, kwamba mama huyu anajua kuchuma chai yake na hajaomba msaada.

"Nitaenda," akasema. "Nitawaambia wazi. Hiyo ni tamaa, si kitu kingine."

Nikamwamini. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na cheti cha kidato cha nne chenye alama nzuri ndani ya mfuko wa nailoni chini ya godoro. Hayo mawili hayakunizuia kuamini upuzi.

Jumamosi iliyotangulia walikuja kama kawaida. Msichana wangu alikuwa na mwaka na nusu na alikuwa amekalia mguu wa baba yake, anaupanda kama farasi. Mimi nilikuwa namimina chai. Mwenye duka alikuwa ameuliza kwa nini Binti asikalie kiti ikiwa ndiye anayewalisha wote. Bwana yangu akaweka kikombe chini, akakohoa kile kikohozi cha darasani.

"Tuwe wakweli. Nyumba ya Mfalme haina kijana. Nyumba isiyo na kijana imezimika. Ndugu anaingia, anashika usukani, Binti anapewa pa kukaa mpaka aolewe. Hata si ubaya. Ni kumsaidia."

Nilisimama na birika hewani. Yalikuwa maneno ya baba mkubwa, yote, mpaka lile la kusaidia. Kumbe hayakuhitaji kuibwa. Yalikuwa yamelala ndani yake tangu zamani, yanangoja kizibo cha soda.

"Na huyo Binti," nikauliza, "hana mdomo?"

Wakanitazama. Karani akacheka.

"Bibi ya mwalimu, hii ni siasa ya angani. Ongeza sukari hapa, hii chai imepooza."

"Hapana, mama ameuliza vizuri," mwenye duka akasema. "Binti aseme mwenyewe. Kizibo chake kiko wapi?"

Kizibo hakikuwa mezani. Alikuwa nacho msichana wangu, kinywani. Niliona shavu limevimba. Niliweka birika chini nikamwingiza kidole, nikakitoa kikiwa na mate, na wale wanaume watatu walikuwa wamesimama wote, mikono imenyooshwa, nyuso zimekauka kwa hofu.

"Hakijapinda?" bwana yangu akauliza.

Nawaambia ukweli wa Mungu, aliulizia kizibo.

Jumamosi ya kikao ikafika. Niliamka nikakamua, nikachemsha maji, nikampigia pasi shati jeupe. Yeye akaketi kitandani akikunakuna goti.

"Unajua karani anahamishwa kituo," akasema. "Leo ndiyo siku yake ya mwisho. Tunamaliza ile kesi leo asubuhi, haraka tu. Wewe tangulia. Saa sita niko njiani."

"Kesi gani?"

"Ya kiti."

Nilimfunga mtoto mgongoni nikaondoka. Shati niliacha kwenye msumari. Kama angekuja, angekuja nalo.

Kule Kimulot walikuwa tayari wamekaa. Baba mkubwa alikuwa kwenye kiti cha baba, kile chenye mikono, na wazee wa ukoo kwenye benchi, na huyo kijana wa tatu amesimama mlangoni na viatu vipya, anatazama shamba la watu. Mama alikuwa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha mbele kama mtu anayepumzika baada ya kuchuma. Walikuwa wanakunywa chai yake. Saa sita ikapita. Kila gari lililonguruma barabarani nilitoa shingo, na mama akaniona.

"Unamngoja nani?" akauliza.

"Mwalimu."

"Acha. Hatumhitaji."

Nilidhani ameudhika. Baba mkubwa akasimama, akasema yote. Nyumba haina kijana. Moto umezimika. Si ubaya, ni kumsaidia shemeji. Ningeweza kumsomea maneno mbele yake kama kwaya, nilikuwa nimeyasikia wiki iliyopita nikiwa na birika mkononi. Alipomaliza, wazee wakatikisa vichwa, na mmoja wao akamwambia mama, "Sema basi, mke wetu, kama una neno."

Mama alipiga kofi moja kuelekea jikoni.

Akatoka msichana. Labda miaka kumi na tisa, mrefu, na amefungwa mkononi ile nyasi ya arusi, bado mbichi. Nyuma yake, ameshika sketi, mvulana wa miaka mitatu hivi, makamasi mawili na fulana ya kijani. Msichana akasalimia wazee mmoja mmoja, akaenda akakaa chini karibu na mama.

Sisi Wakipsigis tuna njia hiyo. Mama aliyepita umri wa kuzaa na hana mvulana anaweza kuoa mwanamke. Anamlipia ng'ombe, anamfanyia arusi, na watoto wa huyo mwanamke wanakuwa wa nyumba hiyo, kwa jina la mzee aliyekufa, na hakuna kaka mtu wa kuingia hapo tena. Husema nyumba imetiwa nguzo. Nilijua. Kila mtu anajua. Ila siku hizi watu wa kanisa huinong'ona, na mama ni mtu wa kanisa, mbele kabisa, na kitambaa cha akina mama wa kanisa kichwani. Hakuna aliyemfikiria.

"Hii ni nini?" baba mkubwa akauliza.

"Ni bibi yangu," mama akasema. "Nimemwoa Alhamisi. Na huyu ni kijana wa kaka yako."

"Alhamisi! Bila ukoo?"

"Ukoo ulikuwepo." Mama akaonyesha benchi kwa kidevu, na wazee wawili wakaanza kuchunguza vidole vyao. "Wamekula. Wewe nilikutumia mtu, ukasema uko na shughuli ya kupima shamba."

Nikacheka kwa sauti. Sikuweza kujizuia. Kijana wa viatu vipya akatazama viatu. Baba mkubwa alitafuta neno, akalikosa, akaomba chai nyingine, akaletewa na bibi mpya, na ilibidi amshukuru.

Walipoondoka nilitembea mpaka kwenye chai. Nilikuwa na furaha hata nikaanza kuchuma bila kikapu, majani mawili na chipukizi, natupia kwenye khanga. Ile mistari ya juu nilianza kuichuma nikiwa na miaka saba, kabla ya shule, karatasi la nailoni kiunoni na umande mpaka kwapani. Najua mche gani unachelewa na upi mvua ya mawe iliuvunja. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Na hapo ndipo furaha ikaniishia, katikati ya mstari.

Nikarudi kwa mama.

"Na mimi?" nikamwuliza.

"Wewe nini?"

"Kwenye hii chai. Umemtafuta mtoto wa mtu hujawahi kumwosha. Mimi nilikuwa hapa."

Alinigeukia. Hakukasirika.

"Wewe una kwako."

"Kwangu ni wapi?"

"Kwa mwalimu."

"Mwalimu ambaye hakuja?"

"Sikiza, mama," akaniambia, kama anavyoniita tangu nikiwa mdogo. "Ningekuweka wewe, kesho wangekuwa hapa na panga. Huyu hawawezi kumtoa. Nimefanya kile kinafanyika."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo linaniuma mpaka leo. Alipigana na wanaume wa ukoo akawashinda kwa sheria yao wenyewe, na mimi sikuwa hata kwenye orodha ya waliokataliwa. Yule Binti wa angani angalau alikuwa na kizibo. Alikuwa na mwenye duka wa kumtetea. Bibi mpya aliniletea maziwa kwenye kikombe na hakunikosea lolote, na mtoto wake akamwachia msichana wangu kijiko. Nilikunywa. Ningefanya nini?

Jumapili nilirudi nyumbani. Shati lilikuwa msumarini. Bwana yangu akasema kesi ilichukua muda, kulikuwa na hoja mpya. Nikamweleza ya mama, kwa kifupi, kwa sababu aliuliza na mimi bado sikuwa nimejifunza kunyamaza kwa faida. Akanisikiliza kwa makini mno. Nikaona macho yake yanameta, nikadhani ni aibu.

Karani kumbe hakuhamishwa Jumamosi ile, uhamisho ulisogezwa wiki mbili. Jumamosi iliyofuata wako mezani. Bwana yangu akasimama.

"Nimepata," akasema. "Malkia mjane anaoa."

"Anaolewa na nani?"

"Haolewi. Anaoa. Anamwoa mwanamke wa sayari ya mbali, mwenye mtoto mvulana. Yule mtoto anakuwa wa Mfalme. Ndugu amezuiwa, Jemadari amezuiwa, na kitabu hakijavunjwa popote. Ukurasa wa themanini na mbili unasema tu 'aliye wa nyumba ya Mfalme.' Haujasema azaliwe vipi."

Karani akapiga meza hata dadu zikaruka.

"Mwalimu! Wewe ni hatari! Hiyo hata sihitaji muhuri!"

"Umeitoa wapi hiyo?" mwenye duka akauliza.

"Nilikaa nikafikiri," bwana yangu akasema.

Mimi nilikuwa mlangoni na birika. Hakunitazama. Alikuwa anaandika pembeni mwa kitabu kwa kalamu ya wino, yeye aliyekuwa ananikataza hata kukifuta vumbi.

Mwenye duka akakuna shingo. "Na Binti?"

"Binti?" Bwana yangu hakuinua kichwa. "Ah. Binti ataolewa vizuri."

Nikaweka birika sakafuni. Nikaenda mezani nikachukua kizibo cha soda ya machungwa nikakitia kwenye mfuko wa aproni.

"Unafanya nini?" bwana yangu akauliza.

"Binti ameondoka," nikasema. "Amechukua sayari yake na chakula chote. Endeleeni."

"Huwezi. Wewe si mchezaji. Hata hujarusha dadu."

Nikaichukua ile dadu ya kisiki cha mchai nikairusha. Ilianguka chini ya kabati na sijui ilisema nini, na hakuna aliyeinama kuangalia.

"Lakini kisheria," karani akaanza polepole, "mtu akiondoka bila kuaga, ni aliyepotea au aliyekufa? Kwa sababu kama amepotea tu, sayari bado ni yake."

"Hapana, hapana," mwenye duka akadakia, amekwisha kuwaka, "mle kwenye fotokopi kuna mahali..."

Karani akainuka kufunga dirisha.

Nilimbeba msichana wangu mgongoni nikaingia chumbani, nikainua godoro, nikatoa ule mfuko wa nailoni wenye cheti. Kisha nikatoka nao kwa mlango wa mbele, nikapita katikati yao, na birika nikaliacha palepale sakafuni lipoe. Shule ya msingi iliyo juu ya barabara ilikuwa inatafuta mwalimu asiye na mafunzo, na mwalimu mkuu wake huwa ofisini Jumamosi mpaka saa kumi. Nyuma yangu nilisikia wakimtafuta Binti kwenye ukurasa wa themanini na mbili.